Seva Imejaa? Kweli na Uongo Kuhusu Ukomo wa Diski

Barabara kuu itokayo Moshi kwenda Mwanga na Same inapita Kifaru, na kando ya barabara kama hiyo hapakosi steshenari: mashine ya fotokopi, printa, kompyuta mbili tatu, na kijana anayewajazia watu fomu za mtandaoni. Vijana wa namna hii siku hizi hawaishii kwenye fotokopi. Shule binafsi ikitaka mfumo wa matokeo, SACCOS ikitaka daftari la mikopo, nyumba ya wageni ikitaka tovuti, wao ndio huitwa. Taasisi za umma zina utaratibu wao chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao tangu sheria ya 2019, lakini hawa wengine hutegemea fundi wa mtaani na seva pepe aliyoikodi kwa mwezi. Seva yenyewe huenda ipo Dar es Salaam, huenda ipo Ujerumani. Tangu nyaya za baharini za SEACOM (2009) na EASSy (2010) zifike nchini na Mkongo wa Taifa kuyasambaza mawasiliano hayo mikoani, mteja hajui wala hana haja ya kujua.

Atajua siku karani wa SACCOS atakapopiga simu asubuhi: “Fundi, mfumo umegoma.” Fundi anaingia, anakuta ujumbe wa diski, anajibu kama wenzake wote wanavyojibu: seva imejaa. Jibu hilo hutamkwa mara nyingi kuliko linavyostahili. Kwenye Linux hakuna ukomo mmoja wa diski. Upo wa mashine nzima, upo wa mfumo wa mafaili, upo wa idadi ya mafaili, wa mtumiaji, wa kikundi, hata wa folda moja, na kila mmoja hufikiwa kwa wakati wake. Kusema “imejaa” bila kusema ni upi uliofikiwa ni kubahatisha, na mafundi wamelipa pesa za bure kwa kubahatisha huko. Tuyapitie yale yasemwayo sana.

“Nimelipia GB 20, kwa hiyo nina GB 20.”

Kweli kwenye risiti tu. Muuzaji akihesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, na amri ya df ikahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, zile 20 zinasomeka 18.6 kabla hujaweka hata faili moja. Ukitengeneza mfumo wa mafaili wa ext4 kwa mipangilio yake ya kawaida, asilimia 5 inatengwa kwa ajili ya rooti, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Hiyo ni karibu 0.9 nyingine. Jedwali la kumbukumbu za mafaili nalo linachukua megabaiti mia tatu hivi. Unabaki na 17 na kitu, na Linux yenyewe, hata ile isiyo na madirisha, bado haijala gigabaiti zake kadhaa.

Ile asilimia 5 watu huilalamikia bila kujua kazi yake. Watumiaji wa kawaida wanapoishiwa nafasi, hiyo ndiyo akiba inayomwezesha rooti kuingia, kuandika na kusafisha. Kwenye diski ya GB 20 iache ilivyo. Kwenye diski ya terabaiti 2 iliyojaa picha na bakapu, asilimia 5 ni GB 100 zinazolala, na hapo amri ya tune2fs inaweza kuipunguza hadi asilimia 1 bila kuzima chochote.

“Kama nafasi ipo, faili haliwezi kukataliwa.”

Si kweli, na nikiulizwa ni uongo upi kati ya yote umewatesa mafundi zaidi, nitataja huu.

Kila faili kwenye Linux lina kumbukumbu yake iitwayo inodi: mwenye faili ni nani, ruhusa zake ni zipi, liliguswa lini, vipande vyake viko wapi kwenye diski. Mfumo wa ext4 hutengeneza inodi zote siku unapotengenezwa, kwa kawaida inodi moja kwa kila baiti 16,384. Diski ya GB 20, kwa hesabu ya 1,024, inapata inodi 1,310,720. Ukizimaliza, huwezi kuziongeza bila kupanua diski au kuuunda upya mfumo wa mafaili.

Sasa piga hesabu. Faili dogo lenye baiti 200 huchukua kipande kizima cha kilobaiti 4. Mafaili madogo 1,310,720 yanachukua GB 5 kamili. Maana yake unaweza kufika ukomo wa diski ya GB 20 ukiwa umetumia robo yake, na mfumo utakuambia maneno yale yale ungeambiwa kama diski yote ingekuwa imejaa: hakuna nafasi tena kwenye kifaa. Ni kosa namba 28 kwa yote mawili. Fundi anaandika df -h, anaona nafasi tele, anadhani seva imerogwa. Angeandika df -i angeona asilimia 100.

Mafaili mengi hivyo hutoka wapi kwenye mfumo wa shule moja? Mara nyingi kwenye sesheni za PHP. Kila mtu anayefungua ukurasa wa kuingia huandikiwa faili dogo, na kila roboti ya mtandaoni inayopita kubisha hodi huandikiwa lake. Kwenye Debian na Ubuntu, PHP yenyewe haiyafuti mafaili hayo. Kuna kazi ya pembeni inayolisafisha folda la kawaida kwa saa zake. Mwandishi wa mfumo akihamishia sesheni kwenye folda lake mwenyewe, kwa sababu aliona hivyo kwenye mafunzo ya video, ile kazi ya kusafisha hailijui folda hilo. Miezi inapita, mafaili yanarundikana, wazazi wanasubiri matokeo. Barua pepe zinazohifadhiwa kila ujumbe kwenye faili lake huleta balaa lile lile.

Mifumo mingine ya mafaili, XFS na Btrfs, haina tatizo hili kwa sura hiyo, kwani hutengeneza inodi kadiri zinavyohitajika.

“Ukifuta faili, nafasi inarudi papo hapo.”

Mara nyingi ndiyo. Isipokuwa pale unapoihitaji kuliko siku zote. Logi imefika GB 8, fundi anaifuta kwa haraka, anaangalia: df bado inasema diski imejaa. Anatumia du kuhesabu folda moja moja, jumla haifiki. Zile GB 8 hazionekani popote na bado zimekaliwa.

Kilichotokea ni kwamba amefuta jina la faili, na programu iliyokuwa ikiandika humo, tuseme Apache, bado imelishikilia. Linux hairudishi vipande vya faili mpaka programu ya mwisho iliyolifungua ilifunge. Amri ya lsof +L1 inayataja mafaili yaliyofutwa ambayo bado yameshikiliwa. Anzisha upya ile huduma, nafasi inarudi. Bora zaidi, logi iliyo wazi usiifute. Ipunguze hadi sifuri kwa amri ya truncate. Na ukishamaliza, washa mzunguko wa logi, kwa sababu logi iliyofika GB 8 mara moja itafika tena.

“Mtumiaji akifikia mgao wake, anakatwa hapo hapo.”

Nusu kweli. Mgao wa diski tunaoutumia leo asili yake ni kazi ya Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, iliyoingia kwenye Unix ya BSD miaka ya mwanzo ya 1980, enzi ambazo wanafunzi wengi waligombea diski moja. Mpango huo una namba mbili. Kuna ukomo wa onyo, ambao unaruhusiwa kuuvuka kwa muda, kwa kawaida siku 7. Kuna ukomo wa mwisho, ambao hauvukwi. Siku 7 zikiisha hujarudi chini, ukomo wa onyo nao unageuka kuwa ukuta: hata kama ule wa mwisho uko mbali, huandiki tena hata baiti moja. Ndiyo maana mtu anaweza kuambiwa amezidi mgao Jumatatu asubuhi ilhali tangu Ijumaa hajaongeza kitu.

Na kila namba ina jozi: moja ya nafasi, nyingine ya idadi ya mafaili. Zipo nne kwa kila mtumiaji, na nne nyingine kwa kikundi chake.

Aliyezidi mgao hupata kosa namba 122, tofauti na lile la 28. Soma namba kabla hujamwambia mteja anunue diski kubwa zaidi. Namba 122 inamwelekeza fundi kwenye amri za quota na repquota, na dawa yake mara nyingi ni kubadili namba moja. Ila usijidanganye kwa kujaribu ukiwa rooti, maana rooti habanwi na mgao. Wengi wamejaribu kuandika faili wakiwa rooti, likaandikika, wakatangaza kwamba tatizo limekwisha, na karani akapiga simu tena kabla ya chai.

“Linux haiwezi kuweka mgao unaozidi TB 4.”

Ilikuwa kweli. Muundo wa zamani wa faili la mgao uliandika ukomo kwa namba ya biti 32, ukihesabu kwa vipande vya kilobaiti 1. Mbili ikipandishwa mara 32, zidisha kwa 1,024, unapata terabaiti 4 kamili. Waliolalamika kwanza ni watu wa Lustre, mfumo wa mafaili wa kompyuta kubwa za utafiti, na kerneli (kiini cha Linux) ya 2.6.33 ya mwaka 2010 ikaleta muundo wa biti 64 uitwao vfsv1. Kwa SACCOS ya Kifaru hili ni hadithi ya watu wengine. Kwa anayesimamia hifadhi ya picha za eksirei iliyowekwa zamani na kurithiwa kutoka seva hadi seva, inafaa aangalie kama mipangilio yake bado inasema vfsv0.

“VPS ni VPS. Ukomo ni ule ule popote unaponunua.”

Si kweli hata kidogo, na bei ndogo kwenye tangazo mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza.

VPS, yaani seva pepe, zipo za namna mbili. Ya kwanza ni mashine pepe kamili, kama zile za KVM, iliyoingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2007. Muuzaji anakupa diski, ambayo kwake ni faili moja kubwa au kipande kilichokatwa kwa ajili yako. Ukomo wako ni ukubwa wa diski hiyo, na ndani yake unajipangia: ext4 au XFS, inodi ngapi, mgao wa nani.

Ya pili ni kontena. Linux-VServer, aliyoianzisha Jacques Gélinas mwaka 2001, na OpenVZ iliyofuata, ziliwaweka wateja wote juu ya kerneli moja na, kwa mipango ya awali, juu ya mfumo mmoja wa mafaili. Hapo huna diski. Una kihesabio. Kwenye Linux-VServer kila faili lilipigwa muhuri wa namba ya seva pepe yake, kisha msimamizi akaandika jumla ya nafasi, jumla ya inodi na asilimia ya akiba. Faili lililoingizwa bila muhuri halikuhesabiwa, hivyo kihesabio kingeweza kusema jambo na diski ikasema lingine. OpenVZ nayo ilikuwa na programu yake ya vzquota. Umeme ukikatika ghafla, ililazimika kuhesabu upya mafaili yote ya kontena kabla ya kuliwasha, na kontena lenye mafaili mengi lingechelewa kuamka. Faili la mfano la mipangilio lililokuja na OpenVZ liliweka inodi 200,000 na ukomo wa mwisho 220,000. Muuzaji aliyeongeza gigabaiti kwenye tangazo na kusahau kuongeza namba hiyo alikuwa akiuza nafasi ambayo mteja wa mafaili madogo asingeifikia kamwe.

Watu wa Upareni wana picha nzuri ya jambo hili karibu nao. Ndiva, yaani bwawa, kama ile ya Manoo kule Bangalala wilayani Same, hukusanya maji ya kijito usiku, mchana yakafunguliwa mferejini kwa zamu. Mwenye zamu hana bwawa lake. Ana haki ya maji kwa muda aliopangiwa, na haki hiyo inafaa kitu iwapo tu bwawa limejaa. Mteja wa kontena yuko hivyo hivyo. Muuzaji anaweza kuwagawia wateja 100 mgao wa GB 20 kila mmoja juu ya diski isiyofika TB 2, akitegemea kwamba hawatazitumia zote siku moja. Wakizitumia, utapata kosa la 28 ingawa kihesabio chako kinaonyesha nusu.

Hata KVM haijanusurika. Diski ya aina ya qcow2 huanza ndogo na kukua kadiri unavyoandika. Seva mama ikiishiwa nafasi, QEMU, programu inayoiendesha mashine pepe, kwa mpangilio wake wa kawaida huisimamisha palepale ilipo. Ndani yake hutakuta logi yoyote ya kueleza kilichotokea, kwa sababu yenyewe haikujua. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: hizo gigabaiti zimetengwa, au zimeahidiwa?

“Kontena la Docker lina ukomo wake.”

Halina mpaka uliweke. Kwa mpangilio wa kawaida kontena la Docker huandika mpaka diski yote ya seva iishe, na logi zake hazina mzunguko wala ukubwa wa mwisho. Ukomo wa kontena moja moja unawezekana kwa mgao wa mradi, ambao hubana folda badala ya mtu. XFS inao tangu zamani na ext4 iliupata kwenye kerneli ya 4.5 mwaka 2016. Lakini lazima diski iwe imeunganishwa ikiwa na mgao huo tangu mwanzo. Angalau weka ukubwa wa logi. Ni mistari miwili mitatu kwenye faili la mipangilio.

“Mfumo ukigoma kwa sababu ya diski, data imeharibika.”

Usimtishe karani. MySQL inapokosa nafasi ya kuandika logi yake ya mabadiliko, inasubiri. Inajaribu tena kila dakika na kuandika kwenye logi ya makosa kwamba inangoja mtu aachie nafasi. Kwa karani hali hiyo inaonekana kama ukurasa unaozunguka bila mwisho. Achia nafasi, kazi inaendelea. PostgreSQL ni kali zaidi: folda lake la logi ya mabadiliko, pg_wal, likijaa, inajizima. Data iliyothibitishwa kabla ya hapo ipo salama. Ukipata nafasi na kuiwasha, inajirekebisha. Maafa halisi huletwa na fundi anayeingia kwenye pg_wal na kufuta mafaili akidhani ni logi za kawaida.

“Nikiongeza diski kwenye akaunti ya muuzaji, tatizo limekwisha.”

Bado. Umeongeza diski, hujaongeza kizigeu wala mfumo wa mafaili. Baadhi ya seva hujipanua zenyewe zinapowashwa upya. Nyingine zinangoja amri ya growpart kwa kizigeu, kisha resize2fs kwa ext4 au xfs_growfs kwa XFS. Kupanua hufanyika seva ikiendelea na kazi. Kupunguza ni habari nyingine: ext4 lazima itenganishwe na mfumo kwanza, na XFS ukitaka kuipunguza jiandae kuhamisha data na kuunda upya. Kwa hiyo anza na mpango mdogo. Atakayekusukuma uanze na mkubwa anajua huwezi kurudi nyuma kirahisi.

“Bakapu zipo, tena pale pale kwenye seva.”

Hizo ndizo zilizoijaza. Tuseme seva ya GB 20 imebakiwa na GB 11 baada ya Linux, mfumo na data. Bakapu ya kila usiku ni MB 400. Kabla mwezi haujaisha nafasi itakuwa imekwisha, na bakapu ya mwisho itakatika katikati ikiacha faili lenye jina zuri na nusu ya yaliyomo. Siku seva yenyewe itakapokufa, zote zinakwenda nayo.

Zipeleke kwingine, hata kwenye diski ya nje inayokaa kabatini kwa mhasibu, ila zifunge kwa nywila. Kwenye seva bakiza za siku 7. Kuna pia sababu ya kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitaki majina, simu na mikopo ya wanachama vikae muda mrefu kuliko vinavyohitajika, na bakapu za miaka mitano nyuma zimejaa hayo hayo. Amri ya find yenye -mtime +7 huziorodhesha zilizopitwa na wakati. Isome orodha yote kwanza, ndipo uongeze -delete.